Vassanji: Uanzie wapi kumsoma?

Mpenzi msomaji, uwe Mashuuru, Kitengela au kwingineko, je, Mhindi unayemfahamu ni yule wa nyuma ya kaunta ya duka tu? Basi leo nakuletea wa vitabuni, na wala si mgeni. Alizaliwa papa hapa Nairobi mwaka wa 1950.

M.G. Vassanji alilelewa Dar es Salaam, akasomea fizikia ya nyuklia Marekani (ndiyo, nyuklia!) hadi shahada ya uzamifu, kisha akahamia Kanada. Huko ndiko alikoshika kalamu. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack ya 1989, ilipata tuzo ya Jumuiya ya Madola kanda ya Afrika. Mwaka wa 1994 The Book of Secrets ikanyakua tuzo ya Giller ya Kanada, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2003 akaitwaa tena.

Utashawishika kuanza na The Book of Secrets. Usifanye hivyo. Ni kitabu kizuri, ila kinaruka huku na huko baina ya vizazi, na anayeanza huchoka mapema.

Anza na kile cha 2003, The In-Between World of Vikram Lall. Vikram ni mtoto wa Nakuru nyakati za Mau Mau. Babu yake aliletwa kujenga reli, ile ile ya zamani inayopita Emali na Sultan Hamud, stesheni ambazo mtu wa Mashuuru hahitaji kuelekezwa. Vibarua wapatao 32,000 walitoka India. Karibu 2,500 hawakurudi kwao wala kusalia hapa, walikufa kazini. Dadake Vikram, Deepa, anampenda Njoroge, rafiki yao wa utotoni. Mama hataki kusikia! Hapo, msomaji, hutazima taa. Vikram mwenyewe anakua, anaingia serikalini na kuzama katika ufisadi wa wakubwa, hadi anatorokea Kanada. Je, ni Mkenya au mpita njia? Serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 mwaka wa 2017, miaka 14 baada ya riwaya hiyo kutoka. Waulize wazazi wako mezani: wangekuwa wazazi wa Deepa, au wa Njoroge, wangesemaje?

Mwanafunzi uliyebanwa na mitihani, chukua Uhuru Street ya 1991. Ni hadithi fupi za mtaa mmoja wa Dar, na moja huisha matatu ikiwa bado kwenye msongamano wa Mlolongo. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini maneno ya Kiswahili utayakuta humo tele.