Mechi Imesogea, Jua Liko Palepale

Wajukuu zangu, mmewahi kuliona hili? Mwezi wa Septemba, mechi inayoanza London saa tisa alasiri mnaitazama hapa Afrika Mashariki saa kumi na moja jioni. Ikifika Novemba, mechi ya saa tisa ileile ya London kwetu inaanza saa kumi na mbili, mama keshawaita mkaoge. Nani kaisogeza?

Jua la kwetu lina mazoea. Huchomoza saa kumi na mbili na dakika kadhaa asubuhi, huzama vivyo hivyo jioni, mwaka nenda mwaka rudi. La Uingereza haliko hivyo. Mwishoni mwa Desemba, mchana wa London haufikishi hata saa 8. Juni unapita saa 16. Saa zisipoguswa, jua la Juni huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, watu wamelala fofofo.

Basi palikuwa na mjenzi wa nyumba, William Willett, aliyependa kupanda farasi asubuhi na mapema nje ya London. Jua limeshatoka, naye kila nyumba anayoipita mapazia yamefungwa. Jambo hilo lilimuuma sana. Mwanga wote ule unapotea, kisha jioni watu walewale wanawasha taa! Mwaka 1907 akachapisha kijitabu: Aprili saa zisogezwe mbele dakika 20 kila Jumapili, kwa Jumapili nne, na Septemba zirudishwe vilevile. Bunge likakataa. Akasihi, akasihi tena, mpaka akafariki mwaka 1915.

Mwaka uliofuata tu, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Ujerumani ilitaka kuokoa makaa ya mawe. Tarehe 30 Aprili 1916 ikasogeza saa zake mbele kwa saa moja. Wiki tatu baadaye Uingereza nayo ikafuata. Kila nikikumbuka kuwa Willett aliikosa siku hiyo kwa mwaka mmoja, nasikitika.

Siku hizi Waingereza hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi: saa saba usiku ikigonga, wanaihesabu saa nane. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha nyuma. Je, mchana umerefuka? La. Jua halikuongeza hata dakika. Ni kama mwalimu mkuu angegonga kengele mapema, shule nzima ikaamka mapema.

Sisi hatuna haja hiyo. Tuko karibu na ikweta, na Kiswahili chenyewe kinahesabu saa kuanzia macheo: jua likishatoka, baada ya muda si mrefu ni saa moja. Saa yetu ililifuata jua tangu mwanzo, na mimi naiona ni hesabu yenye akili sana.

Kwa hiyo Jumapili ya mwisho ya Oktoba ikishapita, saa zao zimerudi nyuma na zetu ziko palepale, mechi mliyozoea kuitazama saa kumi na moja itafuteni saa kumi na mbili. Na muwe mmeshaoga.