Bega Lililoganda: Sindano Yenye Dozi Kubwa Si Lazima Iwe Bora

Maumivu huanza taratibu, mara nyingi bila ajali wala kazi nzito. Mtu hudhani amelilalia bega vibaya, akapaka dawa ya kuchua na kusubiri. Baada ya wiki kadhaa hawezi tena kulala upande huo, hawezi kujisuka nywele, wala kupeleka mkono mgongoni kufunga gauni au kutoa pochi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Daktari akibana kiwiko cha mgonjwa ubavuni na kujaribu kuugeuza mkono kuelekea nje, mkono unagoma, hata mgonjwa akilegeza misuli yote. Picha ya eksirei kwa kawaida haionyeshi kasoro. Hilo ndilo bega lililoganda, kama alivyoliita daktari mpasuaji wa Marekani, Ernest Codman, mwaka 1934.

Mfupa wenyewe huwa mzima. Tatizo liko kwenye kapsuli, yaani kifuko kinachozunguka kiungo cha bega. Kifuko hicho hupata uvimbe wa ndani, kisha hujenga makovu, kikawa kinene na kusinyaa. Bega lenye afya hupokea zaidi ya mililita 15 za maji ndani ya kiungo. Lililoganda mara nyingi halipokei hata mililita 10. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye matatizo ya tezi ya thairoidi. Wenye kisukari ndio wanaoandamwa zaidi: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kuwa takriban 13 katika kila 100 kati yao walikuwa na tatizo hili.

Sindano ya steroidi ndani ya kiungo si jambo geni. Mwaka 1951, Joseph Hollander na wenzake wa Philadelphia walieleza jinsi walivyochoma haidrokotisoni kwenye viungo vyenye baridi yabisi, na tangu hapo tiba hiyo ikaenea duniani. Kwa bega, dawa inayotumika sana leo ni triamsinoloni au methilipredinisoloni, mara nyingi ikichanganywa na dawa ya ganzi. Kichupa kimoja cha triamsinoloni kwa kawaida kina miligramu 40, na kwa miaka mingi wengi wamekimaliza chote kwa mgonjwa mmoja kwa sababu tu ndicho kilichokuwepo mkononi.

Je, miligramu 40 zinahitajika kweli?

Watafiti wa Uholanzi walilishughulikia swali hilo mwaka 1998. Walilinganisha miligramu 40 za triamsinoloni na miligramu 10, na waliopewa 40 walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu na ya usingizi. Kumi zilikuwa chache. Matokeo hayo yangeweza kuwafanya madaktari waamini kwamba kadiri dawa inavyoongezwa ndivyo bega linavyopona. Lakini mwaka 2013 timu ya Korea Kusini ilichapisha jaribio la wagonjwa 53 waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine walichomwa miligramu 40, wengine 20, na wengine sindano isiyo na steroidi. Mgonjwa, mchomaji na mpimaji, wote hawakujua nani kapewa nini. Makundi mawili ya steroidi yaliwashinda waliopewa sindano tupu, lakini kati ya 20 na 40 haikuonekana tofauti ya maana.

Jaribio la watu 53 ni dogo, na haliwezi kufunga mjadala peke yake. Hata hivyo mwelekeo wake una uzito: ikiwa nusu ya dozi inafanya kazi ileile, hakuna sababu nzuri ya kumpa kila mgonjwa dozi kamili, hasa yule ambaye mwili wake utaigharimia. Na wapo wa namna hiyo.

Wa kwanza ni mwenye kisukari, yule yule ambaye bega lake lina hatari kubwa zaidi ya kuganda. Steroidi iliyochomwa begani haibaki begani yote. Sehemu yake huingia kwenye damu na kupandisha sukari kwa siku kadhaa, mara nyingi kabla ya kutulia ndani ya wiki moja. Kwa mtu ambaye sukari yake tayari haitulii, kupanda huko si jambo dogo. Anahitaji kupima mara nyingi zaidi siku hizo na kujua mapema afanye nini ikipanda mno.

Wa pili hutajwa mara chache, ingawa katika Afrika Mashariki anapaswa kukumbukwa katika kila kliniki. Ni mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU zenye ritonaviri, ambazo mara nyingi huwa za mstari wa pili. Ritonaviri huzuia ini kuivunja triamsinoloni, kwa hiyo dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Sindano moja tu imewahi kuwasababishia wagonjwa uso kujaa, shinikizo na sukari kupanda, na tezi zilizo juu ya figo kulegea katika kutengeneza homoni zake. Mgonjwa asiyeulizwa dawa anazotumia, au anayeona aibu kuzitaja, huwekwa hatarini bila sababu.

Miligramu nazo zinadanganya zikilinganishwa kati ya dawa tofauti. Miligramu 8 za deksamethasoni zina nguvu karibu sawa na miligramu 40 za triamsinoloni, ila huyeyuka haraka na kuondoka kiungoni mapema. Anayesema amechomwa “kidogo tu” inabidi aulizwe: ya dawa gani?

Wakati wa kuchoma una uzito pengine kuliko dozi. Steroidi hupoza uvimbe. Kovu lililokwisha kukomaa hailiyeyushi. Ndiyo maana faida huonekana zaidi miezi ya mwanzo, maumivu yanapomnyima mtu usingizi. Katika jaribio lingine la Uholanzi la mwaka 1998, lenye wagonjwa 109, baada ya wiki 7 asilimia 77 ya waliochomwa sindano walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 46 ya waliopewa fiziotherapia. Baadaye pengo lilipungua. Nchini Kanada, mwaka 2003, utafiti wa wagonjwa 93 ulionyesha kuwa sindano ikifuatana na mazoezi huharakisha nafuu, ingawa baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa yamekaribiana. Sindano, basi, hununua muda: hupunguza maumivu ili mkono uweze kunyooshwa. Asiyefanya mazoezi anaupoteza muda huo.

Hata upasuaji haujaonyesha ubora wa wazi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503 kutoka hospitali 35, ulilinganisha kunyoosha bega mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kukata kapsuli kwa kamera, na fiziotherapia pamoja na sindano ya steroidi. Hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa kiwango cha maana.

Kwa hiyo anayekwenda kuchomwa sindano ya bega ana haki ya kuuliza jina la dawa, idadi ya miligramu, na kama nusu yake ingetosha. Ataje kisukari chake na kila dawa anayomeza, za VVU zikiwemo. Aelezwe pia kwamba dawa ikivuja chini ya ngozi inaweza kuacha doa jeupe linalodumu miezi, na kwamba maumivu yanaweza kuzidi kwa siku moja au mbili. Lakini bega likivimba, likiwa la moto na kuambatana na homa, huenda kiungo kimeingiwa na vijidudu. Hiyo ni nadra, na ni dharura ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.