Amri ya Kukataza, na Kosa la Kudharau Korti

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo yafaa kila mfanya biashara alijue. Watu wawili wakigombana juu ya mapatano yao, korti yaweza kufanya nini kabla ya hukumu? Na yule aliyekatazwa akikaidi, yampata nini?

Na tuanze na kisa cha Uingereza. Mwaka 1851 Johanna Wagner, mwimbaji mashuhuri wa Ujerumani, alipatana na Benjamin Lumley kwamba ataimba katika nyumba yake ya michezo mjini London kwa muda wa miezi mitatu, wala hataimba kwingine bila ruhusa yake ya maandishi. Kisha Frederick Gye, msimamizi wa nyumba ya michezo ya Covent Garden, akamwahidi fedha nyingi zaidi, naye akakubali. Lumley akaenda kortini mbio. Mwaka 1852 korti ikamkataza Wagner kuimba kwa Gye. Akakata rufani, lakini Lord St Leonards akaithibitisha amri ile. Jaji huyo alieleza ya kuwa hana uwezo wa kumlazimisha mtu kuimba, bali anao uwezo wa kumzuia asivunje ahadi yake ya kutoimba kwingine.

Kenya ilipokea kanuni hizi kutoka sheria ya Kiingereza, nazo zingali zikitumika huko. Hebu tufanye mfano. Mtu ameuza duka lake pamoja na jina lake, akaahidi kwa maandishi kwamba hatafungua duka la namna ileile katika mji huo kwa miaka miwili. Hata mwaka haujatimia, afungua duka jipya ng'ambo ya njia, na wateja wa zamani wamfuata. Daawa yenyewe yaweza kuchukua miezi mingi, na hukumu itakapotoka huenda mnunuzi hana mteja hata mmoja. Ndiyo sababu huomba amri ya kukataza kwa muda, ili mambo yasiharibike kabla kesi haijasikizwa.

Lakini si kila aombaye hupewa. Katika kesi ya Giella na Cassman Brown ya mwaka 1973, Korti ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitaja mambo matatu. Kwanza, mwombaji aonyeshe kwamba dai lake lina msingi na laelekea kushinda. Pili, aonyeshe kwamba asipokingwa atapata hasara isiyoweza kulipwa kwa fedha. Aliyenyimwa magunia ya mahindi aweza kununua mengine na kudai tofauti ya bei, lakini wateja waliotawanyika ni vigumu kuwahesabia thamani. Tatu, korti ikiwa na shaka, hupima ni nani atakayeumia zaidi: yule atakayekatazwa, au yule atakayenyimwa amri.

Jambo likiwa la haraka sana, jaji aweza kutoa amri kwa kumsikia mwombaji peke yake. Kwa kuwa ni hatari kuamua kwa maneno ya upande mmoja, kanuni za Kenya zasema amri hiyo isipite siku 14, isipokuwa ikiongezwa mara moja. Na mpinzani apelekewe katika siku 3. Mwombaji naye lazima aseme yote, hata yale yasiyomfaa. Akificha neno kubwa, amri yaweza kuondolewa.

Sasa twafika penye hatari. Muuza duka amepokea amri, naye aona kwamba jaji amekosea. Afunga mlango kwa siku mbili, kisha aliandikisha duka kwa jina la ndugu yake, na biashara yaendelea. Huko ndiko kudharau korti. Amri hutiiwa mpaka korti iiondoe, hata kama aliyekatazwa aamini kwamba si ya haki. Na ndugu amsaidiaye, hali aijua amri, aweza kuingia hatiani pamoja naye. Kwa kosa hili korti ya Kenya yaweza kukamata mali ya mkosaji, tena yaweza kumfunga gerezani kwa muda usiozidi miezi 6.

Walakini hafungwi mtu kwa dhana. Lazima ithibitike kwamba amri ilikuwa wazi, kwamba aliijua, na kwamba aliivunja kwa kusudi. Ushahidi unaotakiwa ni mzito kuliko ule wa madai ya kawaida.

Basi anayeona ameonewa afanye nini? Afanye kama Wagner: arudi kortini. Aombe amri ibadilishwe au iondolewe, ama akate rufani. Mara nyingi korti humtaka mwombaji aahidi kulipa hasara ikiwa mwishowe itaonekana kwamba amri haikustahili kutolewa; kwa hiyo aliyetii hakuachwa bila kinga. Lakini aliyekaidi hujiharibia hata haki aliyokuwa nayo, maana korti yaweza kukataa kumsikiliza mpaka atii kwanza.

Nasi twamsihi kila afanyaye biashara akumbuke neno hili: leo amri yamzuia yeye, kesho huenda yeye ndiye atakayeiomba.