Iafoni Isiyokaa Sikioni Ndiyo Inayopandisha Sauti

Katika mikutano ya jumuiya zetu ndogo ndogo, wazazi wamekuwa wakiuliza kama iafoni, vile visikizio vidogo ambavyo vijana hutia masikioni, zinaharibu masikio. Wengine wangependa jibu liwe "ndiyo" ili wakazitupe chooni leo leo. Ukweli ni kwamba kinachoharibu sikio ni sauti kubwa kwa muda mrefu, iwe inatoka kwa iafoni, kwa spika ya matatu au kwa mashine ya kusaga mahindi. Na ukichunguza kwa nini kijana anapandisha sauti ya simu mpaka wewe uliye kando unasikia wimbo wote, mara nyingi utakuta sababu ni ndogo sana: iafoni haijamkaa.

Iafoni yenye kipira nchani ikiziba tundu la sikio sawasawa, kelele za nje hupungua na mtu husikia kila neno kwa sauti ya chini. Ikilegea, kelele za barabarani zinaingia na sauti nzito, yaani besi, inatoroka nje. Besi ndiyo hutoroka kwanza. Wanakwaya wameyaona haya bila kujua maana yake. Mwalimu anarekodi sauti nne na kuzituma kwa WhatsApp ili kila mtu ajifunze nyumbani kabla ya Jumapili. Wa sauti ya kwanza anajifunza vizuri. Wa besi anakuja mazoezini akisema ati simu yake ni mbovu, hasikii kitu hata akiweka sauti mwisho. Simu ni nzima. Tatizo ni kipira.

Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa juma bila madhara. Lakini sauti ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa juma zima. Kwa watoto wanashauri desibeli 75. Ndani kabisa ya sikio, katika ile sehemu iliyojipinda kama konokono, mtu huzaliwa na chembe zenye vinyweleo kama 16,000. Hizo ndizo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka ubongoni. Zikichoka kidogo, masikio huvuma halafu hutulia. Zikifa, zimekufa, hazimei tena kama nywele za kichwa, wala hakuna dawa ya kuzirudisha. Ndiyo maana suala la kipira si la anasa.

Sasa, kwa nini iafoni hiyo hiyo imkae mtu huyu na kumtoka yule? Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na halikunyooka; limepinda kidogo. Sehemu ya nje imezungukwa na gegedu laini, na ya ndani imezungukwa na mfupa wenye ngozi nyembamba inayouma haraka. Iafoni inatakiwa ikae kwenye ile sehemu laini tu. Upana wa tundu unatofautiana kutoka mtu hadi mtu, na hata mtu mmoja anaweza kuwa na sikio la kulia dogo kuliko la kushoto. Tena taya ikitembea, tundu hubadilika umbo. Weka kidole sikioni, kisha ufungue mdomo na kuufunga, utaliona jambo hili mwenyewe. Kwa hiyo anayetafuna muhogo au kuimba huku amevaa iafoni asishangae ikisukumwa nje.

Iafoni nyingi huuzwa na vipira vya saizi tatu: kidogo, cha kati na kikubwa. Cha kati ndicho huwa kimeshavalishwa. Watu hufungua pakiti, huvaa hicho cha kati, na vile vingine hupotea siku hiyo hiyo pamoja na karatasi. Usivitupe! Jaribu vyote vitatu, kila sikio peke yake, wala usione haya kuvaa kikubwa kushoto na cha kati kulia. Cheza wimbo wenye besi, kisha sukuma iafoni kidogo sana kwa kidole. Kama besi inaongezeka ghafla ukisukuma, kipira hakizibi, panda saizi. Ukisikia maumivu au ngozi inawasha baada ya dakika chache, kimezidi, shuka. Kikubwa mno nacho hutoka, kwa sababu hakiingii, kinabaki mlangoni. Halafu tikisa kichwa na uzungumze kidogo. Ikibaki mahali pake, umepata yako.

Namna ya kuvaa pia ina kazi yake. Wengi hubana tu moja kwa moja kama mtu anayeziba chupa. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, halafu ingiza iafoni ukiizungusha polepole. Kama kipira ni cha sponji, kibane kwanza kwa vidole, kiingize, na ukishikilie kama sekunde 30 mpaka kivimbe. Cha sponji huwafaa sana watu ambao vya kawaida vimewashinda, ila huchakaa upesi. Iafoni yenye waya ikikutoka, pitisha waya juu ya sikio na kushuka nyuma yake, ili uzito wa waya usiivute.

Zipo zile za plastiki ngumu zisizo na kipira, zinazolala tu mlangoni mwa sikio. Hizo hazina saizi. Zikikukaa ni bahati yako. Zisipokukaa, hakuna ujanja, na kelele hazizuii hata kidogo. Kwa mtu anayesoma masomo yake kwa simu mle ndani ya matatu, mimi singemshauri azinunue. Afadhali hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, ingawa vijana watamcheka.

Lakini hii kuziba vizuri ninayoisifu inakuwa hatari ukitoka barabarani. Mwendesha boda boda aliyeziba masikio hasikii lori nyuma yake, wala mtembea kwa miguu hasikii honi. Hapo toa zote mbili. Kubakiza moja hakutoshi, maana sikio moja halikuambii vizuri sauti inatoka upande gani.

Vipira vichomolewe na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa ndipo virudishwe. Iafoni yenyewe usiitie majini. Kipira chenye nta ya sikio huteleza, na ndugu watatu wanaovaa iafoni moja huambukizana uchafu wote wa masikio. Kipira kikibaki ndani ya sikio ukivuta iafoni, usikichokoe kwa pini wala kwa kijiti cha pamba, utakisukuma ndani zaidi na pengine kutoboa kiwambo. Nenda zahanati.

Mama, kuna mtoto mmoja ambaye haya yote hayatamsaidia. Umempimia vipira, vimemkaa sawa, nyumba imetulia, na bado anaweka sauti juu, au anasogea karibu na redio, au anajibu "eeh?" kila ukimwita. Huyo usimgombeze kuhusu simu. Huenda ana nta iliyoganda, au usaha, au masikio yameanza kufifia kwa sababu nyingine. Anayetoka usaha asivae iafoni kabisa mpaka apone. Mpeleke kwa daktari amwangalie ndani ya sikio, na kama ni mwanafunzi, mwalimu mkuu anaweza kukuelekeza kwenye kituo cha EARC, vile vituo vya tathmini vilivyoanza nchini mwaka 1984, ili kusikia kwake kupimwe. Nenda mapema, muhula ukiwa bado mchanga, kabla hajaanza kuitwa mjinga darasani.