Otto wa Nordheim

Otto wa Nordheim (takriban 1020 – 11 Januari 1083) alikuwa kabaila wa Saksonia, nchini Ujerumani, na mtemi wa Bavaria kati ya miaka 1061 na 1070. Anakumbukwa hasa kama kiongozi wa Wasaksoni katika vita vyao dhidi ya mfalme Heinrich IV.

Maisha ya awali

Familia yake ilikuwa na makao Northeim, mji uliopo leo katika jimbo la Saksonia ya Chini. Mwaka 1061 Agnes, mama wa Heinrich IV aliyetawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, alimpa Otto utemi wa Bavaria. Hata hivyo mwaka uliofuata Otto alishirikiana na Anno, askofu mkuu wa Köln, kumteka mfalme huyo mwenye umri wa miaka 11. Mtoto alialikwa kwenye jahazi huko Kaiserswerth, kando ya mto Rhine, kisha akapelekwa Köln. Agnes akapoteza madaraka, na Otto akawa mmoja wa wakubwa wenye sauti katika serikali.

Mashtaka ya mwaka 1070

Mwaka 1070 mtu aliyeitwa Egino alidai kwamba Otto alimtuma amuue mfalme. Otto alikana. Kufuatana na desturi ya wakati ule, ukweli ulitakiwa kuamuliwa kwa pambano la silaha kati ya mshtaki na mshtakiwa, mjini Goslar. Otto aliomba ahadi ya usalama wa kwenda na kurudi. Hakuipata, naye hakufika. Alihukumiwa kama msaliti, akanyang'anywa Bavaria.

Utemi huo alipewa Welf, mume wa Ethelinde, binti wa Otto. Welf alikuwa amemtaliki Ethelinde mara baada ya mkwewe kuanguka. Otto alipigana kwa miezi kadhaa, kisha mwaka 1071 akajisalimisha. Aliachiliwa mwaka 1072 na kurudishiwa mali yake, lakini si Bavaria.

Uasi wa Wasaksoni

Heinrich IV alijenga ngome nyingi katika Saksonia, hasa karibu na milima ya Harz. Makabaila waliona haki zao zinapunguzwa, na wakulima walilalamikia kazi za kulazimishwa. Mwaka 1073 uasi ulianza, na Otto akawa kati ya viongozi wake. Amani ya Gerstungen ya mwaka 1074 ilikubali ngome zibomolewe, lakini wakulima walibomoa pia kanisa la Harzburg na kufukua makaburi ya ndugu na mtoto wa mfalme. Kufuru hiyo iliwafanya wakubwa wengi wamuunge mkono mfalme, naye akawashinda Wasaksoni huko Langensalza tarehe 9 Juni 1075.

Otto alisamehewa na hata kukabidhiwa usimamizi wa Saksonia. Lakini mwaka 1076 Papa Gregori VII alimtenga mfalme na Kanisa, na baadaye mwaka huohuo Otto alirudi upande wa waasi. Mwaka 1077 wapinzani walimchagua Rudolf wa Rheinfelden kuwa mfalme mwingine. Katika mapigano karibu na mto Elster, tarehe 14 Oktoba 1080, Otto aliongoza askari wa miguu na kuokoa ushindi wa Wasaksoni, ila Rudolf alikatwa mkono wa kulia akafa. Wengi waliona hiyo ni adhabu, kwa kuwa ndio mkono aliomwapia Heinrich utii.

Kifo na urithi

Otto alifariki bila kupata tena Bavaria, akazikwa Northeim. Mjukuu wake Richenza aliolewa na Lothar III, aliyekuwa Kaisari mwaka 1133. Gertrud, binti yao, aliolewa na mjukuu wa Welf yuleyule. Mtoto wao, Heinrich Simba, alitawala Saksonia na, tangu mwaka 1156, Bavaria pia. Hivyo utemi ulioondolewa mikononi mwa Otto ulifikia kizazi chake kupitia ukoo uliomnyang'anya.