Kope ikishuka kila jioni, usimtafute mchawi

Tangu niandike katika safu hii kwamba si kila uso uliolegea ni kiharusi, simu yangu haijatulia. Wanaoniandikia hawajuani, lakini wengi wanasimulia kisa kimoja. Mama ana miaka 30 na kitu. Asubuhi ni mzima. Ikifika alasiri kope ya kushoto inashuka yenyewe, akitazama barabarani anaona bodaboda mbili ilhali iliyopita ni moja, na chakula cha usiku anakiacha nusu kwa sababu taya limechoka kutafuna. Akilala, kesho yake anaamka kama si yeye aliyekuwa hoi jana. Presha imepimwa, iko sawa. Malaria hakuna, sukari hakuna. Majirani wameshatoa hukumu: karogwa, na aliyemroga wanamjua.

Mimi sipimi mtu kwa simu. Ila maelezo ya aina hiyo yana jina, na jina lenyewe ni miasthenia gravisi. Ni ugonjwa adimu. Katika nchi tajiri zilizouhesabu, hupatikana kwa watu kati ya 150 na 250 katika kila milioni. Kwa hiyo mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao, au akakutana nao asiutambue. Huwapata zaidi wanawake walio chini ya miaka 40 na wanaume waliovuka 60, ingawa hakuna umri uliosalimika. Hauambukizi, na kwa kawaida mama haurithishi kwa binti.

Mmoja wa walioniandikia ni fundi cherehani wa Tanga. Anasema siku hizi kazi za uzi mwembamba anazimaliza kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo tundu la sindano linakuwa matundu mawili. Adhuhuri anakata kipande cha plasta, anainua kope kwa kidole, anaibandika kwenye paji la uso, kisha anaendelea kushona. Niliposoma habari ya plasta nilimkumbuka Aristotle Onassis, yule tajiri wa meli wa Kigiriki. Naye alikuwa na miasthenia, naye alibandika kope zake plasta, na ugonjwa huo ulichangia kifo chake mwaka 1975. Utajiri wote ule, na plasta ileile ya fundi wa Tanga.

Ukitaka kuuelewa ugonjwa huu, anza na saa. Msuli una nguvu ukiwa umepumzika, unaishiwa kadiri unavyotumika, na ukipumzishwa unarudi. Kiharusi hakifanyi hivyo. Kiharusi hakipigi saa kumi jioni kikaondoka alfajiri, kisha kikarudi kesho yake saa ileile. Tena mwenye miasthenia hafi ganzi, haumwi na jicho lenyewe, na mboni yake husinyaa kama kawaida ukiimulika kwa tochi. Kinacholegea ni misuli tu: ya kope, ya kuzungusha jicho, ya kutafuna, ya kumeza, ya shingo, ya mabega. Sauti huanza safi, na baada ya maongezi marefu inatoka puani. Daktari wa Uingereza Thomas Willis aliandika mwaka 1672 kuhusu mwanamke aliyekuwa akiongea vizuri, na akiongea sana anapoteza uwezo wa kusema kwa saa moja au mbili. Karne tatu na nusu zimepita, na bado tunaambiwa mtu wa namna hiyo anajidekeza.

Hapa ndipo kliniki zetu zinapoukosa. Mgonjwa anaamka usiku, anapanda daladala ya kwanza, anawahi foleni na kuingia kwa daktari saa mbili asubuhi. Macho yamefumbuka vizuri, sauti ni ya kengele. Daktari aandike nini? Anaandika uchovu, anampa vidonge vya kuongeza damu, na mgonjwa anarudi nyumbani akiwa na cheti cha uzima na kope inayoshuka njiani.

Sasa nivumilieni niingie kwenye kitu kinachonifanya niupende ugonjwa huu, kama ugonjwa unaweza kupendwa. Neva haigusi msuli. Kati yake na msuli kuna upenyo mwembamba mno. Amri ikifika mwisho wa neva, neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, kemikali inavuka upenyo na kunasa kwenye vipokezi vilivyopangwa juu ya msuli, msuli unakaza. Papo hapo kimeng'enya kinachokaa mle mle kinaikatakata kemikali hiyo, kwa kasi isiyofikirika, ili amri inayofuata ikute njia imesafishwa.

Uhondo uko hapa. Neva ikitumwa mfululizo haimwagi kiasi kilekile. Mmwago wa pili ni mdogo kuliko wa kwanza, wa tatu ni mdogo kuliko wa pili. Hali hiyo inakutokea wewe na mimi tukipanda ngazi, na hatuioni, kwa sababu vipokezi tulivyo navyo vinazidi mahitaji kwa mbali. Ni akiba. Mwenye miasthenia ameliwa akiba. Mfumo wake wa kinga umetengeneza kingamwili zinazovishambulia vipokezi vyake mwenyewe: nyingine zinaviziba, nyingine zinavifunga viwili viwili hadi msuli unavimeza na kuviyeyusha, nyingine zinaita msaada wa kuutoboa utando wenyewe. Vichache vinavyosalia vinatosha kwa mmwago wa kwanza na wa pili. Kwa wa kumi havitoshi. Ndiyo maana hatua za mwanzo ni nyepesi na ngazi ya tatu inakuwa mlima.

Tulijuaje? Kwa sungura. Mwaka 1973, katika taasisi ya Salk huko California, Jim Patrick na Jon Lindstrom walichukua vipokezi vya samaki wa Amerika ya Kusini afananaye na mkunga, yule anayepiga shoti ya umeme, wakawachoma navyo sungura. Walitaka kingamwili za utafiti tu. Sungura wakalegea, vichwa chini. Walipopewa dawa ya miasthenia, wakainuka. Kinga ya sungura ilikuwa imejifunza kuchukia vipokezi vya samaki, kisha ikavigeukia vya sungura mwenyewe. Mwaka huohuo watafiti wa Johns Hopkins walichunguza misuli ya wagonjwa kwa kutumia sumu ya nyoka wa Taiwan inayonata juu ya vipokezi, wakakuta vimepungua vibaya. Na aliyewahi kumwona mtu aliyeumwa na fira anajua kinachoanza kushuka: kope. Sumu ya fira huziba vipokezi hivihivi. Anachokipata mwenye miasthenia kwa miezi, fira humpa mtu kwa saa chache.

Sasa hao wanaosema karogwa. Wana bahati mbaya, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu imetokana na kesi za uchawi. Huko Calabar, katika Nigeria ya leo, Waefiki walikuwa na haragwe la sumu ambalo mshukiwa wa uchawi alilishwa. Akitapika akapona, hana hatia. Akifa, alikuwa mchawi. Haragwe hilo lilifika Scotland katika karne ya 19, na Profesa Robert Christison wa Edinburgh akalionja mwenyewe, akaponea chupuchupu. Kemikali iliyomo, fizostigmini, inakifunga kile kimeng'enya kinachokatakata asetilikolini. Mtu mzima wa afya inamuua kwa sababu kemikali inafurika. Lakini mtu ambaye vipokezi vyake ni haba? Kwake kemikali ikikaa muda mrefu zaidi kwenye upenyo, hata vipokezi vichache vinapata nafasi ya kuipokea. Daktari Mary Walker, mwaka 1934 katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich, aliona kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana na watu waliopewa sumu ya kurari, na dawa ya kurari ilikuwa fizostigmini. Akamdunga mgonjwa wake. Kope ikapanda, akameza. Kidonge cha piridostigmini kinachotumika leo kinafanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Hata barafu inakigusa kimeng'enya hicho, kwani baridi inakipunguza kasi. Nilikishuhudia kipimo chake siku moja: daktari alijaza barafu kwenye glovu, akaifunga fundo, akaiweka juu ya jicho lililofumba, akatazama saa ya ukutani dakika 2. Alipoiondoa, maji yakimtiririka mgonjwa shavuni, kope ilikuwa imepanda kiasi cha kuonekana na kila mtu chumbani. Binti wa mgonjwa akasema, "Mama, uko macho!" Ile si tiba, kope inarudi chini muda si mrefu. Ni dokezo la kumpeleka mtu kwenye vipimo vyenyewe: damu ya kutafuta kingamwili, na umeme wa kupima jinsi msuli unavyoitikia amri za mfululizo. Damu ikitoka safi, ugonjwa haujafutwa. Ukiwa umesambaa mwilini, kingamwili za vipokezi huonekana kwa wagonjwa kama 85 katika 100. Ukiwa machoni tu, ni karibu nusu. Mwaka 2001 iligunduliwa aina nyingine ya kingamwili, inayoshambulia protini iitwayo MuSK, ambayo kipimo cha kwanza hakiioni.

Sasa niwageukie waganga wa mitandaoni. Kuna unga unaouzwa kwa jina la "kuongeza kinga", na nimeonyeshwa risiti za watu wa miasthenia walioununua mara tatu. Kinga ndiyo inayomla mgonjwa! Unamwongezea mwizi ngazi. Kuna wa kusafisha sumu mwilini, ambaye ukimuuliza ni sumu gani anataja zote. Kuna wa chale kwenye kope, na huyo ningependa aonane na daktari wa macho akiwa ameshikwa mkono na polisi. Mwaka 2011 tulipanga foleni hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya kienyeji kwa shilingi 500, kwa hiyo sishangai. Ninachokiogopa ni jambo moja: miasthenia ina tabia ya kupoa yenyewe kwa wiki au miezi, hasa mwanzoni. Mganga aliyeendewa wiki hiyo anakuwa ndiye aliyeponya. Ugonjwa ukirudi, lawama ni ya mgonjwa, eti amevunja miiko.

Tiba, kwa haraka. Piridostigmini inasaidia kwa saa chache kila dozi, haigusi chanzo. Chanzo kinatulizwa na prednisoloni na azathioprini, chini ya daktari, kwa kuwa prednisoloni ikianza kwa kishindo inaweza kumzidishia mtu udhaifu kabla ya kumsaidia, na azathioprini inahitaji miezi mingi kabla ya kuonyesha kazi. Kifua kinapigwa picha ya CT, maana nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi ya thaimasi, na kwa mgonjwa 1 kati ya 10 hivi ina uvimbe wa kuondolewa. Hata isipokuwa na uvimbe, utafiti wa mwaka 2016 uliofuatilia wagonjwa 126 wa nchi mbalimbali kwa miaka 3 ulionyesha kwamba waliotolewa tezi hiyo walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji prednisoloni kidogo zaidi.

Hatari ya kweli mtaani ni duka la dawa. Kwinini inaweza kumwangusha mwenye miasthenia. Gentamisini pia, na siprofloksasini ambayo huku kwetu watu wanainunua kama peremende kwa kila tumbo linalouma. Mjamzito mwenye ugonjwa huu lazima wakunga wajue mapema, kwa sababu magnesiamu inayozuia kifafa cha mimba ni hatari kwake. Andika majina hayo kwenye karatasi, ikae pamoja na kitambulisho chako. Na mgonjwa akianza kupaliwa na mate, au akivuta pumzi moja na kuhesabu akashindwa kufika 20, hiyo si ya kusubiri asubuhi: misuli ya kupumua inaishiwa, na anahitaji hospitali yenye mashine ya kupumulia usiku huohuo.

Piridostigmini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Duka la mtaani likisema halijawahi kuisikia, mwulize mfamasia wa hospitali ya rufaa.

Fundi wa Tanga nimemwomba apige picha mbili za uso wake kwa simu, moja saa 1 asubuhi na nyingine saa 11 jioni, bila plasta, siku tatu mfululizo, kisha aende nazo kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Ninyi wengine mlioniandikia, pigeni picha hizo wiki hii.