Dejar: Kitenzi cha Ruhusa ambacho Mswahili Anakielewa Haraka

Ndani ya basi la Madrid lililojaa, anayetaka kushuka humwambia mtu mzima aliyeziba njia: ¿Me deja pasar? Yaani, "Unaniruhusu nipite?" Aliyeziba njia akiwa kijana mwenzake, atasema ¿Me dejas pasar? Herufi moja tu, s, ndiyo inayotenganisha heshima na mazoea.

Kitenzi cha Kihispania kilichotumika hapo ni dejar. J yake hutamkwa karibu na kh ya "khatibu", kwa hiyo ulimi wa pwani hauna shida nayo. Zamani kiliandikwa dexar, na ndivyo kilivyochapwa katika kitabu cha Don Quijote cha mwaka 1605. Mwaka 1815 Akademia ya Kihispania ilibadili tahajia, x ya namna hiyo ikawa j. Asili yake ni Kilatini laxare, kulegeza.

Maana ya kulegeza bado imo. Dejar ni kuacha kitu mahali, kumwacha mtu, kukoma kufanya jambo, na pia kuruhusu. Mgeni wa Kizungu huuona wingi huo kama mzigo. Mswahili anayo "acha", nayo hubeba karibu maana hizohizo: acha mkoba hapa, acha kelele, acha apite.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kiswahili hutenganisha amri mbili kwa umbo la kitenzi kinachofuata: "acha kusema" humnyamazisha mtu, "acha aseme" humpa mtu mwingine nafasi. Kihispania hutumia silabi moja, de. Deja de hablar ni "acha kusema". Deja hablar a tu hermano ni "mwache ndugu yako aseme". Anayeisahau de, au akaichomeka pasipo pake, hugeuza maana nzima, na hilo ni kosa la kawaida sana kwa wanaoanza.

Ipo njia nyingine ya kutoa ruhusa, kwa kutumia que: Deja que hable, "acha aseme". Hebu mtu azitazame sentensi hizo mbili vizuri. Habla, "anasema", imekuwa hable. Kwa Kiswahili nako sema imekuwa aseme. Pasa huwa pase, kama pita inavyokuwa apite. Lugha hizi hazina udugu wowote, lakini katika jambo hili a ya mwisho hugeuka e kwa zote mbili. Wanafunzi wengi husema deja que habla, kosa ambalo sikio la Mswahili linapaswa kulikamata mara moja, kwa kuwa ni sawa na kusema "acha anasema". Tahadhari ni moja: ufanani huu ni wa vitenzi vinavyoishia na -ar. Vya -er na -ir huenda kinyume, kwa mfano come, "anakula", huwa coma.

Mahali pa "mimi" napo panahitaji mazoezi. Katika amri ya kukubali, me hukaa mwishoni mwa kitenzi: déjame entrar, "niache niingie". Katika katazo hurudi mbele: no me dejes caer, "usiniache nianguke".

Matumizi hutofautiana kwa nchi. Nchini Hispania ¿Me dejas un boli? ni ombi la kuazima kalamu. Meksiko watu husema ¿Me prestas una pluma? Kwenye vibao na kanuni hutawala permitir, ndugu yake rasmi: No se permite fumar, hairuhusiwi kuvuta sigara. Nyumbani dejar ndiyo yenye nguvu. Mtoto atalalamika, Mi madre no me deja salir, mama haniruhusu kutoka.

Kihispania si lugha ya mbali nasi. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, na pamoja na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika. Anayetaka kukianza asikimbilie majedwali ya nyakati. Achukue déjame, aongeze kitenzi kimoja kila siku: déjame ver, niache nione, déjame pensar, niache nifikiri, déjame ayudarte, niache nikusaidie. Azitamke kwa sauti, kisha azigeuze ziwe katazo, mpaka me ijue pake.